Viatu vya Matheka

Kombe huwa la manjano. Anayeliandika huchovya kalamu katika zafarani, akaandika aya ndani ya sahani nyeupe, kisha akaziosha kwa maji na marashi ya mawaridi, na mgonjwa akanywa. Siyu nzima inajua hivyo. Lakini kombe alilolifanya Bi Ummu Jumatatu ile asubuhi lilitoka zambarau, na yeye hakuona rangi kwa sababu ya mtoto wa jicho, wala hakusikia harufu kwa sababu ya mafua.

Mjukuu wake Amal, wa miaka minane, alikuwa na homa siku ya tatu. Mwalimu Muhdhar, ambaye ndiye huandika makombe, alikuwa amekwenda kisiwani Amu kwenye maziko, na homa haina subira ya kungoja watu warudi mazikoni. Basi Bi Ummu akashusha kopo la biskuti lililokaa juu ya kabati tangu baba yake afariki. Ndani mlikuwa na karatasi zilizoandikwa kwa herufi za Kiarabu, na kibati kidogo cha duara chenye tundu.

Baba yake, Mzee Sadiq, alikwenda Burma na jeshi la Mwingereza miaka ya arobaini, akarudi na kopo hilo. Hakusimulia vita hata siku moja. Alisema tu kwamba karatasi zile zisitupwe wala zisikanyagwe. Na katika nyumba za Siyu, karatasi ya herufi za Kiarabu isiyotupwa wala kukanyagwa ni karatasi ya maneno ya Mungu, nani ataulizia zaidi? Hata Nusra, mkamwana wake, alipoitazama moja aliona Bismillahi juu, na chini yake maandishi ya mkono yaliyobanana, hayana irabu hata moja. Akairudisha kwa adabu.

Bi Ummu akaziosha karatasi nne katika bakuli. Zikabaki tatu koponi. Amal akanywa mpaka tone la mwisho, akakunja uso, akalala.

Ilipofika adhuhuri homa ilikuwa imekwisha.

"Mwaona?" Bi Ummu alimwambia Nusra, akitabasamu. "Dawa ya babangu imekuya na meli, si hizo tembe zenu za dukani."

Nusra naye alicheka. Alikuwa na furaha, na mtu mwenye furaha hatazami sakafu. Baadaye sana ndipo alipokumbuka kwamba mtoto alipotoka kitandani kwenda jikoni, aliacha nyayo za maji nyuma yake, na mvua haikuwa imenyesha Siyu tangu mwezi uliopita.

Chini, kwenye daka la mlangoni, mumewe Athman alikuwa kazini. Athman ni fundi wa makubadhi, viatu vya ngozi vya wazi, kama alivyokuwa babu yake Sadiq. Ukutani, kwenye msumari, hutundikwa vigezo viwili vya ngozi nyeusi nene, cha mguu wa kulia na cha kushoto. Hivyo ndivyo alivyoachiwa na babu. Ngozi mpya huwekwa chini, kigezo juu yake, kisu kikazunguka. Kwa mguu mdogo hupunguza upana wa kidole. Kila kubadhi lililotoka nyumba ile kwa miaka zaidi ya sabini lilikatwa kwa vigezo vile, na Athman alikuwa akijisifu kwamba ngozi yake haijawahi kujikunja hata kwa joto la Februari.

Alikuwa amekishika kigezo cha kushoto aliposikia harufu ya kitu kinachoungua. Alidhani ni samaki.

Huko juu jikoni Nusra alisikia harufu hiyohiyo, akageuka. Kaa la moto lilikuwa limeanguka kutoka kwenye seredani, na Amal alikuwa amesimama juu yake. Alikuwa akichambua mchele kwenye ungo, anatoa kijiwe kimoja baada ya kingine, ametulia. Moshi mwembamba ulikuwa ukipanda kando ya kisigino chake.

Nusra alimvuta kwa nguvu hata ungo ukamwagika. Unyayo ulikuwa umeiva.

"Siisikii miguu, mama," Amal alisema. Aliutazama mguu wake kama kitu cha mtu mwingine alichoazimwa.

Muuguzi wa zahanati, Kemunto, mwenyeji wa bara ambaye watu wa Siyu walishamzoea, alifunga jeraha kisha akachukua sindano. Alichoma kidole gumba. Akachoma kifundo. Akachoma katikati ya muundi. Amal alikuwa akiangalia dirishani.

"Ameanza lini?"

"Leo," Nusra alisema.

"Saa mbili zilizopita ilikuwa wapi hii ganzi? Imepanda?"

Nusra hakujua. Kemunto alichora mstari kwa kalamu pale ganzi ilipokoma, akaandika barua ya hospitali kubwa Amu. Boti ilikuwa imekwisha ondoka bandarini Mtangawanda. Watangoja ya asubuhi. "Ikifika magotini, nipigieni simu," alisema. "Ikipita mapajani sijui nitawaambia nini. Kuna ganzi zinazopanda mpaka kifuani, mtu akasahau kupumua." Alikuwa mkweli yule dada, na Nusra alimchukia kwa ukweli ule njia nzima ya kurudi nyumbani.

Baada ya swala ya alasiri mstari wa kalamu ulikuwa umeachwa chini. Nusra alikuwa akimfinya mtoto kila baada ya muda, anapanda, anafinya tena, na kila alipofinya aliomba asikie kilio. Hakusikia kitu. Chumba kilikuwa na jua tele, mbuzi wa jirani wakilia uchochoroni, na ndani ya jua lile kukaanza kunuka ngozi iliyolowa, halafu matope, halafu majani yaliyooza, harufu ya msitu ambao haupo Siyu wala Pate nzima, na kutoka chini ya kitanda kukasikika mchuruziko wa maji, taratibu, bila kukoma, kama mvua inayonyesha mahali pengine ikasahau kwamba hapa ni kiangazi.

Amal akafungua mdomo. Sauti ilikuwa yake, maneno hayakuwa yake.

"Kwa mama yangu mpenzi. Ama baada ya salamu, mimi ni mzima. Nti hii haina jua. Mvua haikatiki, na ruba waingia viatuni, mtu huvua kiatu akamwaga damu. Mimi sipigani. Wamejua kuwa ni fundi, wamenipa sindano na uzi. Wakifa watu, mimi huwavua viatu, nikashona palipopasuka, wakavaa wengine. Leo nimevua jozi kumi na moja. Nakula vizuri. Nisalimie wote."

Alisema yote kwa sauti moja, kama mtoto anayesomeshwa. Kisha akaanza barua ya pili, na ya tatu.

Bi Ummu alikuwa amesimama mlangoni. Akakaa sakafuni palepale.

"Huyo ni babangu," alinong'ona. "Ndivyo alivyokuwa akinena. Nusra, yale hayakuwa maneno ya Mngu. Nimemnywesha mtoto barua."

Nusra alitaka kumkasirikia, akatafuta hasira ndani yake asiipate. Alichokiona ndani yake ni mahali patupu, na mkono wake ulikuwa bado unafinya.

Mwalimu Muhdhar alifika akiwa na vumbi la safari, Athman nyuma yake akihema. Alikuwa mzee mfupi asiyependa makeke. Alikaa kitandani, akasoma Ayatul Kursiyyu sikioni mwa mtoto, akasubiri. Maji chini ya kitanda yakanyamaza.

"Wewe ni nani?" aliuliza, kwa utulivu, kama anavyoulizwa mtu aliyebisha hodi.

"Naulizia viatu vyangu," Amal alisema. Safari hii hata sauti haikuwa yake. Ilikuwa ya mwanamume aliyechoka, na Kiswahili chake kilikuwa cha bara.

"Viatu gani?"

"Miguu ina baridi."

Mwalimu alijaribu mara tatu, na mara tatu jibu lilikuwa hilohilo. Akawageukia wenye nyumba. "Aliyekufa harudi," alisema kwa sauti ya chini. "Lakini kila mwanadamu ana jini wake, qarini, anayezaliwa naye. Mtu akifa vibaya, qarini hubaki palepale, hana la kufanya ila kulirudia lile neno la mwisho. Huyu alikuwa amelala kwenye karatasi. Nyinyi mmemwamsha, mkampa na mtoto wa kukaa. Leteni zilizobaki."

Alizisogeza zile karatasi tatu dirishani. Alikuwa mmoja wa wachache waliosalia waliozoea kusoma hati za zamani zisizo na irabu. Alisoma mbili za kwanza kimya. Ya tatu aliisoma kwa sauti, na hakuinua macho mpaka mwisho.

"Kwa mama yangu. Nimefika Siyu, nimekukuta umezikwa, na barua nilizokuletea nimezikuta chumbani mwako, basi hii naiandika kwa kuwa nimezoea kukuandikia. Nilikwambia nawavua waliokufa. Kuna mmoja sikukwambia. Jina lake Matheka, Mkamba. Alikuwa ameegemea mti, macho wazi, matope mpaka kiunoni. Nilifungua kamba. Nikavua cha kulia. Nilipokamata cha kushoto akasema, Bado, fundi, naisikia miguu yangu. Mama, nyuma yangu walikuwa wanangoja watu watatu walio miguu mitupu. Nikavuta. Akasema, Basi ngoja kidogo. Sikungoja. Viatu vile nilimpa mmoja, akafa, vikarudi kwangu. Nikampa mwingine, akafa, vikarudi. Mwisho nikavivaa mwenyewe, nikarudi navyo mpaka kwetu. Ngozi ya viatu hivi ni nzuri mno, siwezi kuitupa. Nimekata soli zake nimefanya vigezo. Wallahi sisikii chochote. Labda kesho nitasikia."

Athman alikuwa ameanza kuteremka ngazi kabla Mwalimu hajamaliza.

Aliposhika vile vigezo ukutani alivikuta vimelowa. Mikono yake ilivijua kuliko ilivyoujua uso wake mwenyewe. Tangu ana miaka kumi na mbili hakuna siku ya kazi iliyopita asivishike. Riziki yake yote ilikuwa kwenye msumari ule. Alisimama kidogo, na kusimama huko hakumwambia mkewe mpaka leo. Kisha akasikia Nusra juu akisema, bila kupaza sauti, "Imepita magoti. Athman, imepita magoti."

Walitoka nje ya mji kwenye mchanga, Mwalimu mbele na kopo, Athman na vigezo, Nusra na mtoto mgongoni. Miguu ya mtoto ilining'inia. Nusra alikuwa akimfinya paja huku anatembea, juu kidogo, juu kidogo tena, na karibu na mwisho wa njia alifinya nyonga na mtoto hakusema kitu, naye akaacha kufinya kwa sababu aliogopa kufika kifuani, akawa anasikiliza pumzi tu, ile ya shingoni kwake, anaihesabu, moja, na nyingine, na kati ya moja na nyingine mwanya ukizidi kurefuka.

Athman alichimba kwa mikono. Mwalimu aliweka vigezo viwili sambamba, kulia na kushoto, kama viatu vinavyowekewa mtu kando ya kitanda. Juu yake akaweka karatasi tatu, na kibati kile cha duara, ambacho sasa walikisoma: jina la Matheka na namba yake ya jeshi.

"Bwana Matheka," Mwalimu alisema, "viatu vyako hivi. Umengojeshwa sana. Twakuomba radhi kwa niaba ya Sadiq." Akasoma alichosoma, wakafukia. Jua lilikuwa bado juu ya minazi.

Kwanza hapakuwa na kitu. Kisha Amal alivuta pumzi ndefu, akaukunja mguu ulioungua, akalia. Alilia kilio cha mtoto aliyekanyaga moto sasa hivi, watu wakatoka majumbani kutazama. Nusra alikaa mchangani amemkumbatia, akalia naye, na kila mtoto alipopiga kelele za maumivu yeye alisema Alhamdulillahi. Walioona walidhani ana wazimu.

Asubuhi walikwenda Amu kwa boti hata hivyo, kutibu unyayo. Daktari alimchoma Amal sindano ya kupima ganzi, naye akampiga teke. Bi Ummu alifunga siku tatu za toba, na hakugusa bakuli lile tena. Athman alikata vigezo vipya vya kadibodi, vikawa vibaya, akakata vingine.

Ijumaa alikwenda msikitini kama kawaida. Adhuhuri ile jua lilikuwa kali, na sakafu ya nje ya mlango, iliyokosa kivuli, ilikuwa haikanyagiki. Watu walitoka wakirukaruka kutafuta viatu vyao, wakicheka, kila mtu akimtania mwenzake. Jirani yake Fuad peke yake hakuruka. Alisimama katikati ya jua, miguu mitupu, ameshika makubadhi mkononi. Athman alikuwa amemtengenezea makubadhi yale wiki mbili nyuma.

"Bwana Athman," Fuad alimwita. Hakuwa na haraka. "Hebu tazama kazi yako. Kila nikiyaanika, ndani yana mai."

Athman alitazama miguu yake kwanza. Ngozi ya vidole ilikuwa imeanza kuinuka malengelenge.

"Fuad, ondoka kwenye jua," alisema.

"Jua gani?"

Athman aliutazama ule msururu wa viatu mlangoni, vile ambavyo wenyewe walikuwa hawajatoka. Karibu vyote alivikata yeye kwa vigezo vile vya Matheka, na vingine vya zamani alivikata babu yake. Chini ya kila jozi, sakafu ilikuwa imelowa.