Kijitu cha Pili

Jambo la kwanza lilikuwa dogo, la kupuuzwa na mtu yeyote mwenye shughuli zake. Jioni nahodha aliuacha usukani umenyooka, akazima swichi kuu, akafunga mlango wa chumba cha usukani na kuondoka na ufunguo mfukoni. Asubuhi aliukuta umekata kushoto, na sakafu mbele yake ina maji, kiasi kile anachoacha mtu aliyesimama na nguo mbichi. Kesho yake hivyo hivyo. Na keshokutwa.

Nahodha huyo waliyemwita Kipara, ingawa nywele alikuwa nazo tele, alikuwa mgeni kwenye boti. Aliajiriwa baada ya mwenye boti kufa maji. Akampigia simu fundi aliyefunga mitambo.

"Fundi, mashine yako imeanza kuingia shifti ya usiku. Tutailipa nini sasa?"

Fundi hakucheka. Alisema anakuja.

Mashine yenyewe ilikuwa otopailoti, ile ya kumsaidia nahodha kushika usukani. Unaiambia uelekeo, dira yake inausoma, na pampu ndogo chini ya sakafu inasukuma usukani huku na huku, boti ikaenda mstari mnyoofu hata nahodha akiwa anakunywa chai. Fundi aliifunga vizuri, na sisemi hivyo kumpamba. Dira aliiweka mbali na vyuma vyote. Nyaya alizipitisha pasipofika maji. Akaizungusha boti polepole, duara juu ya duara, ili dira ijifunze kuwa hii ndiyo boti yake na hizi ndizo pande zake za dunia. Boti ilikuwa ya shemeji yake, mume wa dada yake, na kazi ya nyumbani mtu huifanya kwa moyo.

Lakini otopailoti ina ubaya mmoja: haijui kama kuna mtu. Nahodha akianguka majini, yenyewe inaendelea na safari, mstari ule ule, inamwacha akipiga kelele nyuma. Kwa ajili hiyo kuna kidude chekundu cha kuvaa shingoni. Mvaaji akiwa botini, kijitu cha kijani kinaonekana kwenye skrini. Akianguka, kidude kinapotezana na mashine, na injini inazimika yenyewe.

Inazimika, yaani, kama kuna waya uliotoka kwenye kipokezi, kile kinachosikia kidude, kwenda kwenye injini. Waya huo fundi hakuwa ameufunga. Asubuhi ile alikuwa na boti nyingine inamsubiri, na shemeji alikuwa na mzigo wa kuvusha. Kijitu kiliwaka kwenye skrini vizuri tu, kwa hiyo kwa macho hakikuonekana kilichopungua.

"Na hiki," shemeji aliuliza, akikifunga kidude shingoni, "nikianguka kweli injini inazima?"

"Kila kitu kiko sawa, shemeji. Nenda kazini."

Alikusudia kuumalizia kesho yake. Hilo ni kweli, na lilimsaidia kulala kwa usiku mmoja tu.

Kesho yake boti ilikutwa ng'ambo, haina mtu, pua imezama kwenye matete, injini inaunguruma, panga la injini linakoroga tope, na turubai la nyuma limefunguka kona moja. Shemeji alikwenda kulikaza, hilo lilikuwa wazi. Mwili haukupatikana. Fundi alikuwa wa kwanza kuruka ndani, na wakati wenzake wanahangaika na kamba, alipiga magoti chini ya usukani akaufunga ule waya. Safari hii aliufunga vizuri. Kisha akatoa kidude cha akiba kwenye mkoba wake wa vifaa, akakining'iniza kwenye msumari kando ya skrini.

Mkaguzi alipokuja alikitupa kidude hicho majini, na injini ikazima papo hapo. Akaandika kwamba marehemu hakukivaa.

Dada yake fundi aliomba akione. Akaigeuza kamba yake vidoleni, laini, mpya. Mumewe alikuwa mtu wa kamba. Hakuna uzi ulioingia nyumbani mwao asiufunge fundo lake, lile la kupinda mara mbili na kurudi chini: pazia, kamba ya nguo, hata mifuko ya shule ya watoto. Mkewe tu ndiye aliyejua kulifungua bila kisu.

"Angekivaa, angekifunga fundo lake," alisema. "Hata hakukigusa, kaka. Ana watoto hawa, na mimi, na hakukigusa."

Siku hiyo hiyo aliishusha picha ya mumewe ukutani. Watoto wakimtaja baba yao, anaondoka chumbani. Fundi aliyaona hayo kila alipokwenda kuwajulia hali, akayabeba mpaka kwake, akarudi nayo tena. Neno moja tu lingemrudishia yule mwanamke mume wake, hata kama ni marehemu. Akalimeza kila mara, maana lingemwondolea kaka.

Basi, aliposikia habari ya usukani, alikwenda. Akapima betri, akafungua pampu, hakuona kasoro. Mwisho akaing'oa fyuzi ya mashine nzima, akaitia mfuko wa shati.

"Sasa shika kwa mikono yako kama zamani," akamwambia Kipara. "Nitavuka nanyi leo niangalie."

Walivuka asubuhi na abiria wao, dada yake akiwa botini kama kawaida, kwa kuwa sasa boti ilikuwa yake na yeye ndiye bosi. Katikati ya safari ukungu ukawashukia. Kipara akapunguza mwendo. Watu waliokuwa wakibishana bei ya nyanya wakaanza kunyamaza mmoja mmoja, na katika kimya hicho fundi akasikia chini ya miguu yake ile pampu: ngrii. Ikatulia. Ngrii.

Akagusa mfuko wa shati. Fyuzi ilikuwemo.

"Fundi," Kipara alinong'ona, "mimi sijaugeuza."

Usukani ulikuwa unakata kushoto, taratibu, kama unavyogeuzwa na mtu mzoefu asiye na haraka, na Kipara alikuwa ameushika kwa mikono miwili na mguu ameuegemeza ukutani na bado ulimzidi nguvu, na skrini iliyokuwa imezimwa ikawaka yenyewe, ikaonyesha kijitu kimoja cha kijani, ambacho ni cha kidude kile cha akiba, alichokuwa amekivaa Kipara, halafu pembeni yake kikaanza kuonekana cha pili, hafifu, kinakuja na kupotea, kinakuja na kupotea, na kadiri boti ilivyozidi kuzunguka ndivyo kilivyozidi kukolea, na ndani ya chumba ikaingia harufu ya tope la chini kabisa, lile lisilofikiwa na jua, iliyochanganyika na ya kamba mbichi na dizeli, na fundi akaelewa kwamba boti inapiga duara, duara juu ya duara, vile vile alivyoifundisha yeye siku ile ya dira, ila safari hii haijifunzi kitu, inatafuta. Nyuma, karibu na turubai, kikasikika kishindo cha nyayo mbichi mbili zikipanda juu ya mbao. Hapakuwa na mtu.

Dada yake alisimama mlangoni. "Kaka, vidude viko vingapi?"

"Kimoja."

"Mbona vijitu viwili?"

"Hitilafu tu," alisema fundi.

Usukani ukalegea, pampu ikanyamaza, boti ikarudi kwenye njia yake. Lakini kijitu cha pili hakikuondoka. Walipofika gatini kilikuwa bado kinawaka. Kipara alishuka akasema hapandi tena mpaka aje mtu anayeyajua mambo haya, maana yeye aliajiriwa kuendesha boti, si kuendeshwa.

Aliyekuja alikuwa mganga mwanamke, mnene, mwenye miwani. Alipanda boti iliyofungwa kamba mbele na nyuma na bado akaanza kushikwa na kichefuchefu.

"Fanyeni haraka, wanangu, mimi na maji hatupatani," alisema. Akafukiza ubani wake chumbani, akaweka kiganja juu ya usukani, akafumba macho. Alipoyafumbua hakuwa tena na mzaha.

"Huyu si marehemu. Marehemu amelala. Hili ni jini la huko chini. Limeokota kitu cha mtu, likakivaa, na sasa linajiona nalo limeajiriwa humu." Akamtazama dada mtu. "Halina ugomvi na wewe, mama. Linataka kumrudishia mwenye nacho, na halimjui. Linasubiri ajitaje."

"Kitu gani?" aliuliza dada.

 Mganga alikuwa ameshamgeukia fundi. "Baba, kuna neno humu limefichwa. Nalisikia harufu yake. Sema, liende."

 Fundi angeweza kusema yote pale. Yalikuwa yamefika kooni, na kwa kitambo kidogo aliona jinsi ambavyo angelala usiku huo. Kisha akamwona dada yake anavyomtazama, kwa imani ile ile ya utotoni alipokuwa akimvusha barabara, akakata yale maneno katikati.

"Kuna waya," alisema. "Wa kuzima injini. Siku ile sikuwa na hakika nao. Labda ulilegea. Lakini... mwenyewe kidude hakukivaa, kwa hiyo usingesaidia kitu. Nisamehe, mdogo wangu. Waya huo umekuwa ukininyima usingizi."

Dada alilia. Akamkumbatia, akamwambia kwamba amejitesa bure, kwamba kosa lilikuwa la mwenye shingo yake. Hilo lilimchoma fundi kuliko tusi. Na kwenye skrini, wote wakiangalia, kijitu cha pili kikafifia, kikazimika.

"Limetoka botini," alisema mganga. Akakunja uso kidogo, kama mtu aliyesahau kitu nyumbani, lakini kichefuchefu kilikuwa kimembana na akateremka upesi.

Abiria wa mchana walikuwa wameshajaa. Kipara aliwasha injini, ikaitika mara moja, na kila mtu akashangilia. Fundi alichukua mkoba wake, akaruka gatini na kuanza kwenda zake. Alijisikia mwepesi. Alijisikia pia mwizi, lakini huko alikuwa ameshazoea.

Hakwenda mbali. Nyuma yake injini ikazima.

Alisikia Kipara akilaani, akiwasha tena. Injini ikaguguma, ikazima. Fundi akarudi hatua chache ili aulize kuna nini, na injini ikawaka vizuri. Akaondoka. Ikazima. Abiria wakaanza kunung'unika. Alisimama pale kwenye mbao za gati, jua la mchana likimpiga utosini, na kifuani, chini ya shati, akahisi ubaridi.

Akafungua kifungo. Kidude chekundu kilikuwa kimelala juu ya ngozi yake, kimeota ukungu wa kijani na utelezi wa tope, kimeshikwa na unyuzi wa jani la majini. Taa yake ndogo ilikuwa inawaka: mvaaji yupo, kila kitu kiko sawa.

Alikivuta kupitia kichwani, hakikupita. Kamba ilifungwa fupi, karibu na shingo, kama ya mtu mwangalifu asiyetaka kunaswa. Akatoa koleo ya kukatia waya. Meno yake yakateleza juu ya kamba kama juu ya sabuni. Akajaribu fundo kwa kucha mpaka kucha ikatoa damu.

"Kaka, una nini?"

Dada yake alikuwa ameshuka kumfuata. Alitazama mikono yake, kisha kifua chake. Akanyoosha vidole viwili akaligusa fundo: limepinda mara mbili, limerudi chini.

"Alikivaa," alisema. Hakuwa anauliza. Sauti yake ilikuwa ndogo sana. "Alikivaa, na akakifunga."

"Mdogo wangu..."

"Usiniite hivyo kwanza. Fundo hili nalijua. Sema yote, nikufungulie."

Akasema. Waya aliouacha, waya aliokuja kuufunga kwenye matete, kidude cha akiba, msumari. Akalisema hata lile la mwisho, kwamba aliona picha inashushwa ukutani na akanywa chai yake. Vidole vya dada yake vilikuwa bado kwenye fundo wakati wote huo, vikilishika kama mtu anayepima homa, na machozi yalimtoka bila uso wake kubadilika. Wala hayakuwa ya hasira yote. Mumewe alikuwa amemrudia, hapo hapo gatini, mbele ya watu.

Fundi alipomaliza aliinamisha kichwa ili afunguliwe.

Dada yake aliliachia fundo. Akajifuta mikono kwenye nguo, akageuka, akatembea kurudi botini. Alipofika ukingoni alisimama bila kumtazama.

"Panda," alisema. "Watu wana safari zao, na bila wewe haiendi."

Akapanda. Injini ikawaka kabla Kipara hajagusa swichi. Nafasi zote zilikuwa zimejaa, isipokuwa nyuma kabisa karibu na turubai, pasipo na cha kushikilia, na huko ndiko alikoketi. Dada yake alimwondoa Kipara kwenye usukani, akaushika mwenyewe. Kutoka pale alipokaa fundi aliiona skrini juu ya bega lake, na vijitu vyake viwili vya kijani, na hakuna hata kimoja kilichokuwa kinafifia.