Pete ya Lenzi ya Hamudi

Picha za harusi ya Yuster zilitoka zote zimelalia kushoto. Mlango wa kanisa umelala, padri amelala, bibi harusi na shela lake amelala kama mtu anayeteleza kwenye tope. Hajira alizitazama kwenye kompyuta ya studio yake pale Newala, akarudi mwanzo, akazitazama tena. Siku ile alikuwa ameisimamisha stendi sawasawa, akaikagua miguu yote mitatu, kisha akaikaza kwa mkono wake ile pete ya chuma inayoizunguka lenzi ndefu na kuishikilia juu ya stendi. Hilo la pete alikuwa na hakika nalo kuliko jina lake. Tangu afiwe na mume, hakuna skrubu duniani aliyoikaza kama ile.

Alipofungua kabati, alikuta pete imelegea, na lenzi imejizungusha ndani yake, upande wa juu umegeukia chini.

"Labda meno ya skrubu yamelika," alijisemea. Akaikaza kwa koleo mpaka kiganja kikamuuma. Asubuhi ilikuwa imelegea tena.

Lenzi hiyo ilikuwa ya Hamudi, mumewe. Aliinunua kwa mtu huko Masasi mwaka wa pili wa ndoa yao, ikawa fahari ya studio. Kwa lenzi hiyo alimfuata bibi harusi kutoka mwisho wa kanisa, na watoto wa jando wakirudi nyumbani, bila kumkanyaga mtu. Asubuhi moja ya mwezi wa sita aliibeba hadi Shimo la Mungu, pale uwanda wa Makonde unapokatika ghafla na bonde la Ruvuma kufunguka chini, akapige picha za kalenda. Mkata nyasi mmoja alimwona. Alisema lenzi iliinamia bonde, ikachomoka kwenye pete pamoja na kamera, na Hamudi akairukia kama mtu anayemdaka mtoto. Walimkuta chini ameikumbatia kifuani. Kamera ilikuwa vipande vipande. Kioo cha lenzi hakikuwa na hata ufa.

Hajira alikaa eda, miezi minne na siku kumi, kisha akafungua studio kwa kamera nyingine. Kazi alikuwa anaijua, na nyumbani kulikuwa kimya mno. Hawakujaliwa mtoto.

Sasa ilikuwa Novemba, jua kali kabla ya mvua. Siku ya tatu tangu harusi ya Yuster, saa sita mchana, alitoa stendi nyuma ya studio ili aijaribu pete. Akaelekeza lenzi mbali, kwenye mikorosho iliyo karibu na ukingo. Katikati ya mikorosho alisimama mtu, amempa mgongo. Hajira aliinua jicho kutoka kwenye kamera. Hapakuwa na mtu. Akarudisha jicho. Mtu alikuwepo, na kivuli chake kilikuwa kirefu kama cha jioni, wakati jua lilikuwa utosini na kila mkorosho umekalia kivuli chake.

*Krii*, pete ikajizungusha taratibu chini ya vidole vyake.

Kesho yake mtu yule alikuwa amesogea. Keshokutwa alisogea zaidi, hata Hajira akaliona shati, lile la mistari ya kijani alilolifua mwenyewe, akalianika mwenyewe, kisha akalichoma kwa kuwa damu haikutoka. Siku iliyofuata hakutoa stendi nje. Alifunga mlango wa studio, akavuta pazia, akakaa kwenye kile kiti cha wateja wa picha ndogo. Ikaja harufu ya salfa, ile ya unga wa kupulizia mikorosho, na msimu wake ulikuwa umepita zamani. Kisha nyuma ya lile pazia la bluu la kupigia picha, mtu akakohoa. Mara mbili, kimya, halafu mara moja.

Hamudi alikohoa hivyo tangu ujanani, tangu alipokuwa akipuliza salfa shambani kwa mama yake bila kitambaa puani.

Hajira aliinuka kitini. Hata hivyo hakukimbia. Moyo wa mfiwa ni kitu cha ajabu. Alinong'ona, "Hamudi, ni wewe?"

Kikohozi kikajibu.

Kuanzia hapo akawa anafunga studio kila adhuhuri. Wateja waligonga, wakachoka, wakaenda kwingine. Yeye alikaa gizani na lenzi mapajani, akisimulia habari za mtaa kama alivyokuwa akifanya zamani, na kile kilichokuwa nyuma ya pazia kilikohoa pale ambapo Hamudi angecheka. Aliogopa, akakonda, akashindwa kula, lakini ilipokaribia saa sita alijikuta akijipaka mafuta na kubadili kanga.

Mpaka siku ile ambayo hakujua alitokaje studio, wala alipitaje barabara ya soko juani bila kumwamkia mtu, akikifuata kikohozi kilichokuwa mbele yake kila mara hatua kumi, akiivuka mikorosho, akiivuka njia ya wakata kuni, pete ikilia krii, krii sikioni mwake kama panya anayetafuna ubao, na harufu ya salfa ikizidi hadi machozi yakamtoka, na hakuyafuta kwa sababu mikono yote miwili ilikuwa imeishika lenzi kifuani, na mbele yake ardhi ilikuwa imekwisha na kubaki upepo, alipohisi kanga yake imevutwa kwa nyuma kwa nguvu hadi akaangukia makalio.

"Wewe! Una wazimu?" Alikuwa mwanamke mwenye mzigo wa kuni. "Nakuita tangu kule. Na yule mwanamume anayekuongoza, mbona kivuli chake..." Akajiziba mdomo.

Siku ya pili alipanda gari hadi Masasi, akachukua bodaboda mpaka Lisekese kwa Mwalimu Salmini, mzee anayefundisha Kurani na kuwasomea wenye mashetani. Alimkuta anapepeta choroko.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba, binti yangu. Kaa. Hicho ulichofunga kwenye kanga, kiweke mbali na miguu yangu."

Alimsikiliza mpaka mwisho bila kumkatiza. Kisha akasema kwa sauti ya chini, "Maiti hakohoi. Mumeo yuko kwa Mola wake, hana haja ya pazia lako. Huyo ni jini wa ukingoni. Alimwona Hamudi akianguka, akamwiga kikohozi, akajivika shati lake. Anakuja kwako kwa sababu umemwachia mlango."

"Mlango gani, mwalimu?"

"Mimi nitaujuaje? Kuna neno umelificha. Jini hukaa palipofichwa neno, kama mjusi nyuma ya saa ya ukutani."

Hajira alilia muda mrefu. Kisha akalisema, kwa mara ya kwanza tangu mwezi wa sita.

Siku moja kabla ya msiba, Hamudi amelala, yeye alikuwa akifuta vumbi kwenye lenzi. Aliifungua pete, akaifuta, akairudisha, akaanza kukaza skrubu. Nje mtu akapiga kelele, "Maji yametoka! Maji!" Newala nzima inajua maana ya kelele hiyo, maana bomba hukauka hata wiki nzima. Aliacha kila kitu, akachukua ndoo. Alipanga foleni kwa muda wa saa tatu. Aliporudi alikuwa amesahau.

"Sikuikaza," alisema. "Ni mimi."

Mwalimu Salmini alimsomea, akampulizia maji, akampa ya kunyunyiza studio. "Kisomo kitamtoa ndani. Lakini mlango utaufunga mwenyewe. Neno hilo lipeleke kwa mwenye nalo."

Mwenye nalo alikuwa Bi Siti, mama yake Hamudi, aliyekuwa akiishi peke yake kijijini Mnyambe. Hajira alifika alasiri. Mama mkwe alikuwa amekaa barazani, anabangua korosho, na vidole vyake vyeusi kwa mafuta ya maganda.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Mbona umekwisha hivyo?"

Hajira alipiga magoti, akaiweka lenzi mkekani, akasema yote. Ya vumbi, ya maji, ya skrubu. Alipofika kwenye skrubu, pete ikalia krii. Harufu ya salfa ikajaa baraza. Kutoka ndani ya chumba kitupu cha mwanamke yule, mtu akakohoa. Mara mbili, kimya, halafu mara moja.

Jiwe la kubangulia lilimponyoka Bi Siti.

"Mama, usimjibu!" Hajira alimshika mkono. "Si yeye. Mwalimu amesema si yeye. Nimeshamkana, anatafuta pa kwenda. Sema humtaki, mama. Sema tu!"

Bi Siti hakumtazama. Uso wake wote ulikuwa umegeukia mlango wa chumba, na ulikuwa uso ambao Hajira hakuwahi kuuona msibani wala baada yake.

"Hamu," aliita polepole. "Umekula?"

Hajira alinyanyua lenzi aondoke nayo. Mama mkwe akaidaka kwa nguvu ambazo hazikuwa za umri wake.

"Niachie."

"Mama..."

"Kuhusu skrubu, nimekusamehe. Mungu na akusamehe. Lakini hii niachie."

Studio ilitulia kuanzia siku hiyo. Hajira aliazima lenzi fupi, akaanza kupiga picha za vitambulisho, na adhuhuri pakawa hakuna kitu nyuma ya pazia ila ukuta. Alilala usingizi wa kwanza mzito, akaamka akilia, maana sasa Hamudi alikuwa amekufa kweli.

Alikwenda Mnyambe mara tatu. Majirani walimwambia Bi Siti haendi tena shambani, korosho zimeoza chini ya miti. Anapakua ugali sahani mbili, anacheka peke yake mchana kutwa. Mwalimu Salmini alikwenda pia na msahafu wake, akasoma nje ya mlango mpaka sauti ikakauka. Akarudi akisema jini aliyekaribishwa kwa jina la mtoto hakuna kisomo kinachomtoa.

Mara ya tatu mlango ulifunguka kidogo. Bi Siti alikuwa amebaki mifupa na macho, na macho yale yalikuwa na furaha.

"Njoo tukae pamoja Newala, mama," Hajira alimsihi. "Nakuomba. Atakuua huyu."

Mama mkwe alinyoosha mkono, akamgusa shavu, taratibu, kama anayemuaga msafiri.

"Wewe bado kijana, mwanangu. Utaolewa, utazaa, utapata wengine," alisema. "Mimi nilimpata huyu mmoja tu."

Akafunga mlango, na Hajira akasikia komeo likiingia kwa ndani.