Kochi Lililogoma Mlangoni

Krii... krii... Msumari ulilia ukichomolewa kwenye ubao. Kulikuwa hakujapambazuka, na mama alikuwa amechuchumaa karibu na mlango, koleo mkononi, akivunja kreti za sokoni ili apate mbao za rafu. Kila msumari alioung'oa aliugonga taratibu juu ya jiwe mpaka ukanyooka.

Binti yake, mwanafunzi wa darasa la sita, aligeuka kwenye mkeka akasonya. Kwa kusonya huko, majirani walikuwa wamekwisha kumpachika jina la Msonyo.

"Hata misumari, mama? Misumari nayo mitumba?"

"Inashika vizuri tu, mwanangu. Lala kidogo, bado mapema."

Walikuwa wamehamia vyumba hivyo viwili vya kupanga mwezi uliopita, na Msonyo hakuona humo kitu cha kupenda. Pazia ambalo mama, fundi cherehani, alilishona kwa masalio ya vitambaa vya wateja, aliliita bendera ya nchi isiyojulikana. Meza yenye mguu mmoja wa rangi tofauti aliiita mzee wa mkongojo. Mdogo wake wa kiume, ambaye hata shule alikuwa hajaanza, ndiye pekee aliyekuwa halalamiki, ingawa alilala juu ya saruji na kifua kilimbana. Daktari wa zahanati alikuwa amesema mtoto atolewe sakafuni upesi. Basi akiba yote iliyobaki ilikuwa ya kitanda chake.

Jumamosi hiyo mama alikuwa na nguo za kumalizia, kwa hiyo baba na Msonyo ndio waliokwenda kwenye soko la samani zilizotumika. Kabla hawajaondoka, mama alimpa binti yake uzi wenye fundo.

"Kutoka ncha hii hadi kwenye fundo ni upana wa mlango wetu. Chochote mtakachokipenda, kipimeni kwanza."

Uzi wa cherehani sokoni! Si watatuona washamba? Msonyo aliusokomeza kwenye mfuko wa sketi.

Sokoni baba alisimama mbele ya kitanda kidogo cha chuma chenye godoro lake.

"Hicho ni cha hospitali," Msonyo alisema kwa sauti, midomo ameibetua. "Sijui wangapi wamefia hapo."

Muuzaji alimtazama. Hapo ndipo Msonyo alipoliona kochi. Lilikuwa refu, jekundu, lenye mikono minene kama ya mpiga mieleka. Kesho yake angetembelewa na mwenzake wa darasani, binti wa mwenye duka.

"Baba, mgeni wangu atakaa wapi? Juu ya ndoo? Na mdogo wangu si atalala hapo hapo!"

Baba, dereva wa lori asiyeweza kumnyima bintiye kitu, alijikuna kichwa. "Litapita mlangoni? Mama yako hakukupa kipimo?"

"Hakunipa."

Muuzaji alipokea fedha. "Likiwashinda, lirudishwe leo kabla sijafunga, bila doa. Kesho silitambui."

Kochi lilifika kwa mkokoteni. Likajaribiwa kwa ubavu, kwa kichwa, kwa miguu juu. Halikupita.

"Kateni nyumba!" jirani mmoja alipiga kelele.

"Atakayegusa fremu yangu atahama pamoja na hilo dude," alisema mwenye nyumba.

Jirani mwingine, muuza mboga, alikuja na beseni lake, akajitupa juu ya kochi katikati ya ua. "Ahsanteni, majirani. Mmetuletea stendi."

Watu walicheka hadi wakashikana mabega. Mawingu yalikuwa yanakusanyika.

Baba alijifuta jasho. "Mama yenu naye! Angetupa hata kipimo!"

Mama alikuwa amesimama mlangoni, mkanda wa kupimia shingoni. Alimtazama binti yake mara moja tu, kisha akaleta shuka lake la kitandani akalifunika kochi lisilowe. Nyuma yake mtoto alikohoa.

Msonyo alijua kwamba doa moja la mvua lingetosha kumbakisha mdogo wake sakafuni. Akautoa uzi mfukoni.

"Baba, mama hana kosa. Alinipa. Niliona aibu kuutoa, nikakudanganya."

Baba aliuchukua uzi, akauviringisha kidoleni. "Shika mkokoteni. Na muuzaji utamweleza mwenyewe."

Njia nzima watoto wa mtaa waliwafuata. "Msonyo, sonya basi tukusikie!" Hakusonya. Mwenye mkokoteni, bila kuombwa, alihamia upande wenye uzito, akamwachia binti ule mwepesi.

Muuzaji alimsikiliza hadi mwisho, akalikagua kochi kila pembe. Kisha akasonya yeye, msonyo mrefu ambao Msonyo alikuwa hajawahi kuufikia.

"Haya, chukueni kitanda chenu cha hospitali."

Kitanda kiliingia mlangoni bila kugusa fremu. Baba alipokuwa akikaza skrubu, mama alimketisha binti yake karibu.

"Kudharau vitu vyetu kulinichoma, lakini uongo ulikuwa mbaya zaidi, kwa sababu gharama yake ingelipwa na mdogo wako. Nyumba tunaipanga kwa ajili ya wanaolala ndani, mwanangu. Na ukikosea, sema mapema, kama ulivyosema leo. Hilo nimelipenda."

Kesho yake binti wa mwenye duka alifika, akatupa macho huku na huku, akabetua mdomo.

"Kwenu hakuna kochi?"

"Lilikuja jana," Msonyo alijibu. "Likatukataa."

Mgeni alitaka kubaki na uso wake mkavu, akashindwa, akacheka. Walifanya hesabu zao wakiwa wamekaa kitandani, mtoto katikati yao, akiwaonyesha jinsi godoro linavyorusha mtu. Mgeni alipoinuka kuaga, mtoto alimkamata gauni.

"Dada, kesho uje tena. Lakini uvue viatu. Hiki kitanda ni changu."