Muulizeni Mke Wangu

Muuza mtindi alichovya ncha ya kidole kwenye sufuria, akasikilizia. Maziwa bado yalikuwa ya moto. Mbegu ya mtindi ukiitia kwenye maziwa ya moto inakufa, na yeye hakuwahi kuyakimbiza maziwa.

Simu ya mkewe ikatetemeka juu ya kaunta. Mwenyewe alikuwa ameenda chooni tena. Mume akaitupia jicho bila kukusudia.

"Utamficha mumeo hadi lini? Njoo kesho asubuhi, nitakusubiri."

Alisoma, akarudia. 

Mlangoni, fundi viatu wa jirani aligonga kikombe chake.

"Mzee, leo tunakunywa au tunaangalia?"

"Vuta subira, bwana."

"Subira ya nini na mimi naumwa? Si unaponya? Umeandika mwenyewe."

Kweli aliandika. Juu ya mlango kulikuwa na kibao cha bati: MTINDI UNAOPONYA. MUULIZENI MKE WANGU. Kabla ya kibao hicho, mkewe, aliyemwita Tunu, alikuwa akiharisha damu hadi akabaki mifupa. Daktari alisema ni vidonda vya utumbo mpana, maradhi ya kuishi nayo, akampa vidonge. Mume naye alikuwa amesikia redioni habari za bakteria rafiki wanaokaa tumboni, akamwekea bakuli la mtindi asubuhi na jingine jioni. Damu ilipokoma, alilishangilia bakuli. Vidonge havikushangiliwa na mtu.

Tunu akatokea uani, uso umelowa maji.

"Shemeji," fundi viatu akamwita, "hebu toa ushahidi."

"Ushahidi gani tena? Si huu hapa umesimama?" Alicheka, lakini vidole vyake vilikuwa vimeng'ang'ania ukingo wa kaunta.

Fundi viatu alipojaziwa kikombe mtindi wa jana akaondoka, mume akamsogezea mkewe simu.

"Nani huyu?"

Tunu akasoma. Akaigeuza kifudifudi.

"Mtu wa kawaida tu."

"Mtu wa kawaida anakusubiri asubuhi? Simu unapokelea uani. Usiku unanipa mgongo. Nikikugusa unashtuka. Mimi si mtoto, Tunu. Kama umepata mwingine, sema, nijue moja."

"Hakuna mwingine."

"Basi mpigie. Hapa hapa, nisikie."

Akapiga, akaweka sauti ya juu. Ikajibu sauti ya mwanamke mtu mzima.

"Mama, afadhali umepiga. Mimi muuguzi wako nimechoka kukubembeleza. Umemwambia mumeo kwamba uliacha dawa? Damu inazidi au imepungua?"

 Mumewe akainamia simu.

"Damu gani?"

"Ndiye baba mwenyewe? Mlete leo, baba. Usingoje kesho."

Simu ilipokatika, mume akamgeukia.

"Kwa nini uliacha, Tunu?"

"Ulipotundika kibao, watu walijaa. Kila anayeingia ananiuliza, nami nasema ni mtindi, huku mkobani nina vidonge. Nikaona nakufanya mwongo. Nikasema niviache, ili maneno yako yawe kweli."

"Tunu!"

"Nilidhani nitaweza. Damu iliporudi nikaogopa. Mteja akiniuliza tu, tumbo linajikunja kama nguo inayokamuliwa. Sikukupa mgongo kwa chuki, Bwana Maziwa. Nilikuwa naficha maumivu."

"Ungeniambia mimi."

"Uliniuliza lini? Uliwaambia watu wote waniulize. Wewe mwenyewe hukuniuliza."

 Mume akafunga duka, sufuria akaiacha ilivyo, akampeleka.

Siku ya tatu wodini, daktari, mwanamke wa sauti ndogo, alivuta kiti.

"Mtindi si adui," alimwambia mume aliyekuwa ameinamisha kichwa. "Bakteria rafiki huwapa baadhi ya wagonjwa nafuu kidogo. Ila wanakaa pembeni ya dawa, hawakalii kiti chake."

"Na hofu yangu, daktari?" Tunu aliuliza. "Nimejitia ugonjwa mwenyewe?"

"Hapana, mama, mzigo huo utue. Tumbo na ubongo vinaongea mchana kutwa. Hofu inaweza kulichafua tumbo, na tumbo likiugua linapeleka huzuni kichwani. Lakini hukuuanzisha wewe." Akafungua faili. "Dawa ya kudunga mshipani haijafanya tulichotaka. Tukiona hivyo tena kesho, tutautoa utumbo mpana. Utatumia mfuko wa choo, ubavuni mwa tumbo."

Daktari alipotoka, Tunu aligeukia ukuta.

"Utanitaka na mfuko?"

"Hilo nalo la kuuliza?"

"Nauliza kwa sababu sisi hatuulizani."

Muuza mtindi akapiga magoti kando ya kitanda.

"Nakutaka. Na mimi nikuulize. Inauma?"

"Sana."

"Wapi?"

Tunu akauchukua mkono wake, akauweka mahali penyewe. Mkono ulikaa hapo mpaka machozi yakamtoka mume, si mke.

Jioni alirudi dukani kuchukua nguo za mkewe. Maziwa ya siku ile yalikuwa yameharibika kwenye sufuria, akayamwaga. Kisha akapanda kwenye kigoda na kisu butu, akaanza kukwangua kibao. Simu ikalia mfukoni; alikuwa Tunu.

"Uko wapi?"

"Dukani. Nafuta UNAOPONYA."

"Na maneno yaliyobaki?"

"Nayafuta pia."

 Akainua kisu tena, Tunu akamwahi.

"Yaache. Wakiniuliza, nitawaambia kweli."

Alirudi kukwangua. Herufi mbili za mwisho ziling'ang'ania bati, na mwanga ukamwishia. Akakiweka kisu juu ya kaunta, pale atakapokiona asubuhi, akachukua furushi la nguo, akarudi hospitali.