Taa ya Kushoto

Haya hayakumpata mtu wa kusikia kwa watu. Yalimpata kaka yangu wa tumbo moja. Alikuwa dereva wa pikapu ya kiwanda cha magodoro, na kwa jinsi alivyoendesha polepole, wenzake walimpachika jina la Taratibu. Walimtania kwamba magodoro yake hufika dukani yakiwa yameshalaliwa.

Jumamosi hiyo nilikuwa nimekwenda kwake kumsaidia wifi yangu, mkewe, kufua mapazia. Taa ya mbele ya kushoto ilikuwa imeungua, na kaka alitaka kubadilisha balbu kabla ya safari ya Jumatatu. Aliliingiza gari bandani, pua ikiutazama ukuta wa nyuma uliopakwa chokaa, akafungua boneti. Kazi ndogo. Alichomoa soketi, akavua mpira, akaachia kibano na kuitoa balbu ya zamani, nyeusi kama imetolewa jikoni. Akaweka mpya huku akipiga mluzi.

"Hebu njooni, mfunge mlango tuone mwanga unapiga wapi," alituita.

Tuliingia, tukafunga. Banda likawa giza, ingawa nje lilikuwa jua la mchana. Akawasha.

Miduara miwili ya mwanga ilitua ukutani. Wa kulia ulikuwa mweupe. Ndani ya ule wa kushoto palikuwa na kivuli cha mtu aliyesimama, mikono imening'inia, kichwa kimelala begani.

"Nani kasimama mbele ya gari?" wifi aliuliza.

Hakukuwa na mtu.

Kaka alicheka, akasema ni uchafu wa kioo. Akakifuta. Kivuli hakikufutika. Akazima, akaihamishia balbu ya kulia upande wa kushoto. Alipowasha tena, kivuli kilikuwa kulekule kushoto. Ila sasa kilikuwa kikubwa zaidi.

Wifi ndiye aliyeelewa kwanza.

"Kinakua kwa sababu anaisogelea taa," alinong'ona. "Zima. Nakuomba, zima."

Angezima, pengine leo ningekuwa na kaka. Lakini Taratibu alikuwa mtu wa kushika kitu ndipo aamini. Alikwenda akasimama mbele ya taa, akapapasa hewa kama mtu anayetafuta kamba ya nguo gizani.

"Mnaona? Hamna kitu."

Sisi tulikuwa tunatazama ukuta. Kivuli chake kilikuwa kando ya kile kingine. Kile kingine kikanyanyua kichwa. Kikageuka. Kikamshika mkono.

Kaka aliutazama mkono wake wa kuume, mtupu, kisha akatutazama sisi. Balbu ikaungua.

Nilipofungua mlango alikuwa amesimama palepale, anatabasamu kwa adabu, kama mtu aliyeshikwa mkono na mgeni asiyemjua.

Kesho yake tulimwita fundi umeme wa magari. Aliinamia taa, akautazama ukuta, kisha akaishusha boneti bila kuibamiza.

"Hii si kazi ya waya, dada," alininong'oneza. Aliondoka akiacha bisibisi zake. Hajazifuata mpaka leo.

Mkono wa kaka ulipooza kwanza. Kisha bega. Kisha mguu. Hospitali walimpima kila walichoweza kupima, wakasema mzima. Wa maombi waliomba wakachoka. Mganga mmoja aliishia mlangoni, akamwangalia kaka miguuni, akaomba radhi, akarudi alikotoka. Na kaka akawa anakwisha kama sabuni, kila siku tunamwona, kila siku hatuna la kufanya.

Asubuhi moja tulimtoa nje aote jua, tukamkalisha kwenye kiti cha plastiki. Wifi alinivuta kando, akanionyesha kwa kidole. Kivuli cha kiti kilikuwa kimelala chini, miguu yake yote, na mgongo wake wote. Lakini kiti hicho cha kivuli kilikuwa kitupu.

"Usimwambie," alinong'ona.

"Najua," kaka alisema, bila kugeuka.

Alikata roho tukimlisha uji, kijiko kikiwa bado mdomoni.

Baada ya mazishi kiwanda kilikuja kuivuta pikapu yao. Banda likabaki tupu. Hapo ndipo wifi alipoanza kwenda kukaa humo, mchana, peke yake. Nilimuuliza anafuata nini. Akanishika kiganja, akakibandika ukutani, usawa wa kifua cha mtu mzima. Ukuta ule haupigwi na jua. Mahali pale palikuwa na joto. Nikasogeza kiganja kidogo pembeni, ukuta ukawa baridi.

Tangu hapo kumtoa humo ni vita. Hali, haogi. Nguo ileile siku nenda siku rudi.

Juzi nilimkuta ameegemeza mgongo palepale, macho amefumba.

"Niache, wifi," alisema kwa sauti ya mtu aliye usingizini. "Ndiye huyu."

Nilimkokota mpaka uani, nikachukua kitambaa nimpanguse chokaa mgongoni. Mgongo wa gauni lake ulikuwa safi. Nikamgeuza. Chokaa ilikuwa mbele, kifuani na tumboni. Ilikuwa alama za viganja, vidole vimetanuka, za mikono iliyomkumbatia kutokea nyuma.

Viganja vilikuwa vitatu.