Ukimya wa Sebuleni

Nyumba ile haikuhitaji saa ya kuamshia watu. Ilikuwa na Redio.

Redio alikuwa msichana wa darasa la sita. Jina hilo alibandikwa na baba yake, kwa sababu aliongea tangu anafumbua macho mpaka anayafumba, na wakati mwingine hata usingizini. Aliongea akipiga mswaki, povu likimtiririka kidevuni. Aliongea akifunga kamba za viatu. Baba yake, fundi cherehani aliyefanyia kazi barazani, alikuwa na dawa moja tu: kukanyaga cherehani kwa nguvu mpaka sauti yake imezwe.

"Nikisema maneno yangu nitainua kidevu hivi," Redio alisema asubuhi moja ya likizo, akijitazama kwenye kioo cha wateja. "Au nisiinue? Shangazi, eti mastaa huinua?"

"Mastaa kwanza humaliza kupiga mswaki," shangazi alijibu bila kugeuka.

Shangazi alikuwa amechuchumaa uani akikunja nyaya zake. Pete moja alipitisha juu, iliyofuata akaipitisha chini, ili waya usijisokote. Alikuwa fundi sauti wa tamthilia za televisheni. Kwa miaka mingi alikuwa amewabebea vyombo mafundi wengine, na sasa, kwa mara ya kwanza, alikuwa amekabidhiwa sauti ya tamthilia nzima peke yake. Katika tamthilia hiyohiyo Redio alipata nafasi ndogo: kufungua mlango wa sebule, kusema, "Mama, kuna mgeni, na anasema hatuondoki humu," kisha kutoka. Maneno hayo alikuwa ameyarudia mpaka paka wa nyumbani alikuwa akiyasikia tu, anahama chumba.

"Shangazi, wewe ulipokuwa mdogo ulitaka kuwa nani?"

"Mwimbaji."

"Wewe?"

"Mimi. Niliimba jioni moja na bendi ya harusi. Kiongozi wa bendi akaniambia kwa upole kabisa kwamba nitafaa zaidi kubeba spika."

"Ukalia?"

"Nililia, halafu nikabeba spika. Kutoka hapo nikaenda kufagia studio ya muziki. Fundi wa pale akaniona kila nikimaliza kufagia nakaa kusikiliza, akaanza kunifundisha. Baadaye nikaingia redioni, ile ya kweli inayozimika ukitaka, ndipo nikaja kwenye tamthilia."

Redio alifikiri kidogo. "Ndiyo maana huonekani kwenye televisheni."

"Ndiyo maana wanaoonekana wanasikika," shangazi alisema, akampa furushi la nyaya abebe.

Walikuwa wakirekodia katika nyumba kuukuu ambayo mwenyewe alikusudia kuivunja mara tu watakapoondoka. Sebule yake ilikuwa na dari ya mbao, feni iliyozunguka kwa kuchechemea, na friji iliyokoroma kama babu aliyeshiba. Nyuma ya ukuta kulikuwa na karakana ya fundi wa kuchomelea vyuma. Fundi huyo hakuwa mtu mbaya, ila alikuwa na mageti ya watu ya kumaliza.

Kila kazi ya chumba kimoja ilipokwisha, shangazi alisimama katikati na kusema, "Jamani, tunanasa ukimya." Hapo watu wote waligeuka sanamu. Aliyeshika kikombe alibaki nacho hewani. Aliyekuwa anajikuna aliuacha mwasho wake usubiri.

Mara ya kwanza Redio alicheka. "Ukimya si bure tu? Kwa nini unaunasa?"

Shangazi alimvisha hedifoni. Redio akaganda. Masikioni mwake kulijaa vitu: friji, feni, mbao za dari zikilia kwa joto, na upepo uliokuwa ukipita chini ya mlango.

"Kila chumba kina ukimya wake," shangazi alisema. "Mhariri atakata maneno ya huyu na kuyaunga na ya yule. Katikati yatabaki matundu, na matundu hayo yanazibwa kwa ukimya wa chumba hichohicho. Baba yako akitia kiraka cha kitambaa kingine kwenye suruali ya mteja, si utakiona kutoka ng'ambo ya barabara?"

Tangu siku hiyo Redio alijua kubonyeza kitufe chekundu cha kinasa sauti. Shangazi mwenyewe alimwelekeza, akamwachia mara mbili tatu, naye hakukosea.

Siku ya mwisho ndiyo iliyokuwa ya Redio. Alisimama nyuma ya mlango. Mwongozaji aliposema, "Anza," alifungua mlango, akakutana na taa, kamera na macho ya watu wazima, na maneno yote yakampotea. Alisimama pale kama kigingi. Mwongozaji alimngojea kwa subira. Watu wote walimngojea. Hakuna aliyekohoa. Hatimaye mwongozaji akasema taratibu, "Kata. Tunarudia, mwanangu." Mara ya pili alisema vizuri, kidevu kikiwa juu, lakini aibu ya mara ya kwanza ilimkaa shingoni.

Vyombo vikaanza kutolewa nje, na ng'ambo ya ukuta mashine ya kukatia vyuma ikaanza kulia.

"Bado ukimya wa sebuleni," shangazi alisema. "Kesho hakuna nyumba hapa. Redio, nakwenda kumwomba yule fundi anyamaze kidogo. Simama dirishani. Ukiona nimeinua mkono, bonyeza. Nikishusha, zima. Nakutegemea."

Redio alisimama dirishani. Alimwona shangazi akiongea na fundi, akamwona fundi akifunua ngao yake ya uso na kutikisa kichwa kukubali. Mashine ikanyamaza. Mkono wa shangazi ukapanda juu.

Wakati huohuo mtu akaita kutoka mlango wa mbele. "Wangapi wanataka picha na mimi? Gari linaondoka."

Alikuwa ni Tajiri, mwigizaji mkuu. Walimwita hivyo kwa sababu katika kila tamthilia alipewa nafasi ya tajiri, ingawa simu yake ilikuwa na ufa na chaja aliazima kila siku. Alianza kazi akiwa dereva wa gari la vyombo. Siku moja mwigizaji fulani hakutokea, wakamvisha yeye koti lake, na koti halikuvuliwa tena. Redio alikuwa amewaahidi wenzake wote shuleni picha ya Tajiri.

Aliutazama mkono wa shangazi. Akajiambia atakwenda na kurudi upesi, mkono ukiwa bado juu. Akakimbia.

Aliporudi, mashine ilikuwa inalia tena na shangazi anaingia, vumbi la chuma kwenye viatu.

"Umenasa?"

Kitufe chekundu kilikuwa kimelala vilevile. Kusema hapana kungemaanisha kurudi kwa fundi, na wenzao walikuwa wameshakaa garini.

"Nimenasa," Redio alisema. Na kwa kuwa hakujua kuacha neno likae peke yake, akaongeza, "Kimya kabisa, Shangazi. Safi."

Shangazi alimshika bega kwa furaha, akafunga mashine.

Baada ya siku chache simu ililia barazani. Alikuwa mtayarishaji, mama mwenye tamthilia yenyewe. Mikono ya shangazi ilikuwa na mafuta ya kusafishia vyombo, hivyo alifungua sauti wote wakasikia.

"Mwenzangu, kile kipande cha sebuleni kina matundu. Kila neno likikatika, sauti inazama kama mtu aliyetumbukia kisimani. Mhariri anauliza ukimya wa chumba uko wapi."

"Upo. Tuliunasa. Nipe muda niutafute."

"Utafute. Kipande hicho ndicho roho ya tamthilia. Kisipokaa sawa, nitakitoa, na kazi ijayo nitalazimika kumpa fundi mwingine. Sipendi kukuambia hivyo."

Shangazi alitafuta. Alisikiliza kila kitu kilichokuwa ndani ya kinasa sauti, tangu mwanzo hadi mwisho, akarudia. Alikula chakula hedifoni zikiwa shingoni. Redio alikaa karibu naye.

"Redio imeisha betri?" baba aliuliza. Hakuna aliyecheka.

Asubuhi iliyofuata shangazi alivua hedifoni, akasugua macho. "Lazima nimeufuta mwenyewe bila kujua, kaka. Hakuna maelezo mengine. Nitampigia mtayarishaji nimwambie nimefanya uzembe."

Redio aliuona tena ule mkono, umeinuliwa kwenye jua la karakana, ukimngojea.

"Shangazi, usiutafute," alisema. "Haupo. Sikubonyeza."

Cherehani ilinyamaza.

"Nilikuona umeinua mkono. Tajiri akaita watu wa picha, nikaenda. Ulipouliza, nikasema nimenasa."

Shangazi hakupaza sauti. Alichukua waya uliokuwa umekunjwa vizuri, akaukunjua wote, akaanza kuukunja upya, pete moja juu, nyingine chini. Redio angependelea kofi.

"Unajua kinachoniuma?" shangazi alisema mwishowe. "Picha ni jambo la mtoto, hata mimi ningeitamani. Ungeniambia palepale, fundi angetupa dakika nyingine. Ungeniambia jana, leo ningekuwa natafuta njia nyingine. Umeniacha natafuta kitu ambacho hakijawahi kuwepo, mpaka nikaanza kujishuku mwenyewe."

Redio alilia.

Baba alikata uzi kwa meno. "Dada, mteja akileta nguo imechanika na kitambaa chake hakiuzwi tena, mimi hukata kiraka kwenye pindo. Ndani kule, pasipoonekana. Sijui kama sauti ina pindo."

Shangazi aliacha kukunja. "Inalo," alisema. "Mimi huwasha mashine mapema, kabla mwongozaji hajasema 'anza'. Vipo vipande vidogovidogo. Vingi vimeharibiwa na ile karakana, lakini yule fundi hupumzika anapobadilisha vijiti vyake vya kuchomelea." Akasimama. "Vaa viatu, Redio. Kwanza utakwenda kumwambia mtayarishaji mwenyewe."

Chumba cha kuhariri kilikuwa kidogo, kimetundikwa mablanketi ukutani ili sauti isirukeruke. Mtayarishaji alikuwa ameegesha miwani kichwani. Alimsikiliza Redio mpaka mwisho.

"Mbona shangazi yako hakuniambia yeye?"

"Yeye angesema kosa ni lake."

Mtayarishaji alimgeukia shangazi, akamrudia msichana. "Mimi nilianza kwa kushika kibao kinachopigwa mbele ya kamera. Siku moja nilikosea namba, nikanyamaza nikidhani haitajulikana. Ilijulikana kwenye chumba kama hiki. Kazi zetu zote zinajulikana hapa." Akashusha miwani. "Nawapa mpaka kesho jioni."

Walikaa wawili, kila mmoja na hedifoni zake, wakisikiliza mapindo. Shangazi alikaza macho kwenye skrini, kazi ya masikio akamwachia Redio. Kipande kimoja kilikuwa kizuri mpaka tumbo la Tajiri liliponguruma. Kingine kiliharibiwa na mtu aliyevuta kiti. Redio aligundua kwamba akitaka kusikia ilimbidi hata pumzi aivute polepole. Kila alipopata kipande safi aliinua mkono, na shangazi akakikata na kukihifadhi. Hata hivyo vilikuwa vifupi mno, na vikiungwa vilisikika kama mtu anayejikwaa.

Ndipo walipofika kwenye kipande cha Redio, kile cha kwanza. "Anza," mwongozaji alisema. Mlango ukafunguka. Halafu hakukuwa na kitu. Friji ilikoroma, feni ikachechemea, mbao za dari zikalia. Hata karakana ilikuwa imetulia, fundi akibadilisha kijiti. Watu wote walikuwa wameshika pumzi wakimngojea mtoto aliyesahau maneno.

Uso wa Redio uliwaka moto. Alitaka kuvua hedifoni. Kisha akatambua alichokuwa anakisikia, akainua mkono polepole, akauacha juu mpaka mwongozaji aliposema, "Kata."

Shangazi alirudisha nyuma, akasikiliza tena. "Huu ni mrefu," alinong'ona. "Unatosha sebule nzima."

Tamthilia ilipotoka, majirani walijaa mpaka kizingitini, na fundi wa kuchomelea akaja na kigoda chake. Redio alipotokea kwenye skrini na kidevu chake, watoto walishangilia, baba akajifanya vumbi limemwingia machoni. Kipande cha sebuleni kikaendelea. Tajiri alinyamaza kabla ya kumjibu mkewe, na unyamavu ule ulijaa chumba, mzito, bila shimo hata moja. Mama mmoja mzee alifuta machozi. Hakuna aliyesifu ukimya.

"Shangazi, hakuna aliyeutambua," Redio alinong'ona.

"Basi tumeuweka vizuri," shangazi alisema. Akamvuta karibu. "Sikiliza, mwanangu. Katika kazi hii utaanza popote: kwenye spika, kwenye ufagio, kwenye usukani wa gari. Hapo si tatizo. Kukosea nako utakosea, kama ulivyosahau maneno, na umeona kosa la wazi lilivyotusaidia. Lakini usimwambie mwenzako umefanya jambo ambalo hujalifanya. Yeye anajenga juu ya neno lako. Ukweli useme mapema, wakati bado kuna la kufanya."

"Nimesikia, Shangazi."

"Na kazi ijayo nimepewa. Nitahitaji mtu wa kukunja nyaya wakati wa likizo. Haonekani kwenye televisheni."

Redio alifungua mdomo ajibu, lakini majirani walikuwa wameanza kelele, kila mmoja akimweleza mwenzake alichokiona, na kwenye skrini sebule ile ilikuwa imerudi. Akainua mkono juu.

"Jamani, nyamazeni kidogo," alisema. "Nasikiliza."

Baba alimgeukia dada yake, macho yamemtoka. Shangazi aliweka kidole mdomoni.