Bei ya Jioni

Sokoni walimwita Mama Nyanya, na nyanya alizijua kweli. Asubuhi hakupunguza hata senti. Jioni, zikianza kulainika, aliuza mafungu mawili kwa bei ya moja. "Mjanja hununua jioni," alipenda kusema.

Kwa hiyo dada yake mkubwa, aliyemlea tangu utotoni, alipopiga simu kutoka mji wa mbali, Mama Nyanya hakuona haja ya haraka.

"Mdogo wangu, macho yananiishia. Daktari kayapa miezi miwili tu. Njoo niuone uso wako."

"Nakuja, dada. Nasubiri nauli ya ndege ishuke."

Akasubiri. Viti vikikosa watu, alijiambia, watavitoa kwa bei ya kutupa. Wiki ya mwisho nauli ilikuwa imepanda mara tatu. Ikabidi apande basi, siku tatu njiani. Dada alimpokea mlangoni, akampapasa mashavu.

"Umenenepa," alisema, akacheka. Alikuwa haoni tena. Mama Nyanya alishindwa kucheka.

Aliporudi, alimsimulia jirani yake, karani wa ofisi ya tiketi, aliyekuja kununua nyanya.

"Shoga, kiti cha ndege hakiozi," karani alisema. "Siku zikikaribia, wanaonunua ni wenye shida, basi bei inapanda. Nunua miezi miwili kabla. Usisafiri wakati wa likizo, na katikati ya wiki mara nyingi ni nafuu. Linganisha kampuni, na uulize mzigo unalipiwa kiasi gani."

"Na malazi? Dada ana chumba kimoja tu. Halafu nataka gari la kumpeleka kliniki."

"Tafuta chumba chenye jiko, ujipikie. Gari kodi mjini, pale uwanjani huwa ghali. Lipige picha kabla ya kuondoka, usije ukalipishwa mikwaruzo ya wenzio."

"Mbona hukuniambia mapema?"

"Hukuniuliza, mwenzangu. Na kila siku niko hapa kwako."

Neno hilo lilimchoma, kwa sababu lilikuwa kweli.

Mwaka uliofuata alifanya yote aliyoambiwa. Fedha ikabaki, akakaa wiki mbili badala ya moja.

"Umevaa nini leo?" dada aliuliza wakiwa garini.

"Gauni la njano, dada."

"Ningependa kuliona."

Mama Nyanya akamshikisha pindo la gauni. Nauli aliyolipa safari hii ilikuwapo mwaka jana pia, siku ile dada alipopiga simu.